Sindano za kioo kwenye tope la Naivasha: je, ni dalili ya ukame?

*"Habari Daktari. Niko mwaka wa pili wa uzamili hapa Nairobi. Tulitoa bomba la mashapo kwenye ghuba moja ya Ziwa Naivasha, urefu wake kama sentimita 90, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu diatomu, ule mwani mdogo wenye ganda la kioo. Nikifika kati ya sentimita 38 na 44 diatomu zinakaribia kuisha, halafu hadubini inajaa sindano nyembamba za kioo. Mwenzangu anasema ni mabaki ya sifongo wa maji baridi, na kwamba sifongo wakiwa wengi ujue ziwa lilikuwa limepungua. Naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba hapo palikuwa na ukame? Msimamizi wangu ni mtu wa chavua na hataki kusikia habari za sifongo. Anasema hajawahi kuwaona kwenye slaidi zake. Halafu vidole vinaniwasha tangu nianze kazi hii, sijui ni sindano au ni dawa za maabara."*

Tuanze na vidole, maana tasnifu inaweza kungoja. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 ikigusa ngozi huacha doa jeupe linalochoma, kisha baada ya muda linafifia. Sindano za sifongo hazibadilishi rangi ya ngozi. Zinawasha tu, hasa katikati ya vidole, na ukijikuna ndipo unazizamisha zaidi. Watu wa mabonde ya mito ya Brazili wanaijua adha hii vizuri: maji yakishuka, sifongo hubaki wamekauka juu ya matawi ya miti, mabaki yao yanaangukia majini, na anayeoga hapo anatoka akijikuna. Vidonda vya macho pia vimeripotiwa huko. Kwa hiyo vaa glavu, fanya kazi na tope likiwa bichi, usikwangue lililokauka bila barakoa, na usijifute jicho na mkono wa kazi. Peroksaidi itumike ndani ya kabati la kuvutia moshi, maana ikikutana na tope lenye mboji nyingi inaweza kufoka ghafla. Ukiona malengelenge, au jicho limebaki jekundu hata baada ya kuliosha kwa maji mengi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari kwamba huenda ni vipande vya kioo, asije akakutibu mzio.

Sasa tuje kwenye sindano zenyewe. Mwenzako huenda amepatia, lakini usimwamini bado. Naivasha imezungukwa na volkeno. Longonot na Olkaria ziko hapo hapo, na majivu yake ni kioo vilevile. Wanafunzi wengi hudhani mwanga wa polaraizi utawaamulia. Hauwaamulii. Silika ya sifongo, yaani madini ya kioo yanayounda sindano zake, na kioo cha volkeno vyote havina mpangilio wa fuwele, kwa hivyo vyote hubaki vyeusi. Mwanga huo utakusaidia kuondoa fuwele za kalsiti na za feldspa, basi.

Kinachoamua ni mfereji. Panda hadi ukuzaji wa mara 400, sogeza fokasi polepole, utafute mstari mwembamba unaopita katikati ya sindano kwa urefu wake. Sifongo huijenga kila sindano kwa kupaka silika tabaka juu ya tabaka kuzunguka uzi wa protini. Akifa, uzi ule unaoza na nafasi yake inabaki wazi. Kwenye sindano iliyovunjika utaona tundu dogo mahali ilipokatikia. Kipande cha majivu hakina mfereji huo. Kingo zake zimepinda, na mara nyingi utaona ukuta wa kiputo cha gesi kilichopasuka. Fitolithi za nyasi, yaani chembe za silika zinazoundwa ndani ya mmea, nazo zinaweza kuwa ndefu, lakini kingo zake huwa na mawimbi au meno na hazina mfereji. Diatomu ndefu kama Ulnaria ina mistari midogo iliyopangwa ubavuni, na wewe ambaye umehesabu diatomu mwaka mzima hutaikosa.

Angalia pia sindano umezipachika ndani ya nini. Kama ni gliserini, nakuhurumia: gliserini hupinda mwanga karibu sawasawa na silika ya sifongo, kwa hiyo nusu ya unachokitafuta kinapotelea machoni. Tumia gundi ile ile ya diatomu yenye kupinda mwanga zaidi. Kwa kuangalia haraka, hata tone la maji safi linafaa kuliko gliserini.

Na hayo maji safi yawe safi kweli. Hapa Nairobi, mgao wa maji ukibana, maabara nyingi zinasuuza vyombo kwa maji ya tangi au ya mtungi. Maji yaliyokaa kwenye tangi yanaweza kuwa na diatomu zake. Kila ukiandaa kundi la sampuli, andaa na moja tupu isiyo na tope, ipitie hatua zote, kisha iangalie. Ikiwa na kitu, tatizo liko kwenye sinki, haliko ziwani.

Kuhusu msimamizi wako: kama hajawahi kuona sifongo, si kwa sababu hawapo. Maandalizi ya chavua hutumia potasi ya moto na asidi ya haidrofloriki, na hiyo asidi kazi yake ni kula silika. Anamaliza ushahidi wote kabla hajaweka slaidi chini ya hadubini. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Usikubali kupewa masalio ya chavua eti uhesabie sindano humo. Wewe unahitaji asidi ya haidrokloriki kidogo ya kuondoa chokaa, peroksaidi ya kuunguza mboji, kisha kusuuza mara nyingi kwa kuacha vitu vitulie vyenyewe chini. Usizungushe kwa kasi kubwa kwenye sentrifuji, na mashine ya mawimbi ya sauti usiiguse. Sindano ndefu huvunjika, halafu unabaki kuhesabu vipande usivyojua vilitoka kwa nani.

Huyu sifongo ni mnyama gani basi? Wakenya wengi wanamjua wa baharini tu. Wa maji baridi wapo aina zaidi ya 200 duniani, na Afrika Mashariki wapo katika maziwa na mito mingi, Tanganyika na Victoria zikiwemo. Ukimkuta hai utadhani ni ukoko umeganda juu ya jiwe au gogo, kahawia au wa kijani kama amekaa na mwani ndani yake. Hatembei. Anavuta maji kupitia vitundu vya mwili, anachuja bakteria na chembe ndogo, kisha anayatoa. Kwa hiyo anahitaji vitu vitatu: mahali pagumu pa kushika, maji yasiyomziba kwa tope, na silika iliyoyeyuka. Hicho cha tatu si shida Naivasha, kwa kuwa miamba ya volkeno inaitoa kwa wingi. Cha kwanza ndicho kinachobana. Sakafu ya katikati ya ziwa ni tope laini, na sifongo hawezi kushika tope. Anaishi pembezoni: juu ya mawe, miti iliyozama, mashina ya mafunjo na mimea ya chini ya maji.

Hapo ndipo msingi wa swali lako ulipo. Sindano za sifongo ni shahidi wa ukingo wa ziwa. Zikifika katikati, kuna kitu kimezileta.

Sasa chukua kauli ya mwenzako, kwamba sifongo wengi maana yake ziwa limepungua. Inaweza kuwa kweli: ziwa likishuka, ukingo unasogea karibu na pale mlipochomeka bomba, na sindano zinaongezeka. Lakini nenda Naivasha leo utazame kando ya maji. Tangu ziwa lipande na kufurika mwaka 2020, migunga mingi imesimama mikavu ndani ya maji, magome yanabanduka, matawi yamezama. Kila shina ni mahali pagumu ambapo jana hapakuwepo. Ziwa *likipanda* na kumeza msitu, sifongo wanaweza kupata makao mengi kuliko walivyowahi kuwa nayo. Dalili ile ile, sababu mbili zilizo kinyume kabisa.

Na si hizo mbili tu. Mto Malewa ukifurika unaweza kubeba sindano za sifongo waliokuwa mtoni, au za tope kuukuu lililomomonyoka ukingoni, na kuzimwaga ghubani mwako. Mvua ikiwa nyingi, basi, unaweza kuona "ukame" kwenye slaidi. Sindano za namna hiyo mara nyingi huja zimevunjika, ncha zimesuguliwa, zikiambatana na mchanga. Kwa hiyo angalia kama zako ni nzima. Hili ni jambo la dakika chache, na kuna tasnifu nyingi ambazo hazilitaji hata mara moja.

Kuna pia hesabu yenyewe. Umeniambia sindano "zimejaa", lakini zimejaa ndani ya nini? Kama katika kipindi fulani tope lilikuwa likitua taratibu, kila gramu ya tope itakuwa na sindano nyingi hata kama sifongo hawakuongezeka hata mmoja. Ndiyo maana bila umri wa tabaka huwezi kusema ni sindano ngapi zilitua kwa mwaka. Risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi inayopungua kwa kasi inayojulikana, itakusaidia kwa sehemu ya juu, karibu miaka 100 hadi 150, kwa kuwa nusu ya uhai wake ni kama miaka 22. Chini ya hapo utahitaji kaboni-14, na bora ipimwe kwenye mbegu au kipande cha jani la nchi kavu kuliko kwenye tope zima.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kwa tabaka lako, nalo ni kuyeyuka. Unasema diatomu zinakaribia kuisha pale pale sindano zinapozidi. Kabla hujafikiria sifongo, jiulize diatomu zimekwenda wapi. Silika ya viumbe huyeyuka haraka maji yakiwa na magadi mengi, pH ikipita 9. Naivasha ina maji matamu ingawa haina mto unaotoka juu ya ardhi, kwa sababu chumvi hutoka na maji yanayopenya chini. Lakini ziwa likishuka sana maji hukolea, na ziwa dogo la Oloidien pale kando limeonyesha jinsi sehemu iliyotengana inavyogeuka kuwa ya magadi. Katika maji kama hayo diatomu nyembamba hutangulia kuyeyuka, na sindano nene za sifongo zinabaki. Ukihesabu asilimia, sifongo wataonekana "wameongezeka" wakati ukweli ni kwamba wenzao wameondoka. Na magadi yakizidi zaidi, hata sindano zitayeyuka. Matokeo yake ni kwamba kilele cha sindano kinaweza kuangukia pembeni mwa ukame, mwanzoni au mwishoni, na katikati ya ukame wenyewe usikute chochote.

Zitazame sindano zako kwa karibu. Zilizoliwa huonekana na ngozi yenye vishimo, mfereji wa kati umepanuka kwa sababu kuyeyuka huingia kwa ndani pia, na ncha zimekuwa butu. Tengeneza kipimo chepesi cha madaraja manne, kuanzia nzima hadi iliyoliwa sana, ujaze kwa kila sampuli. Fanya hivyo kwa diatomu zilizobaki pia. Kama diatomu za sentimita 40 zimetafunika na za sentimita 30 ni safi, umeshapata habari nzito kuhusu kemia ya maji hata kabla ya kumtaja sifongo.

Je, ni lazima ujue ni aina gani? Kwa sindano kubwa, zile za maikromita 150 hadi 450 hivi, huwezi. Ni za mifupa ya mwili, na aina nyingi zinafanana. Sindano zinazotambulisha aina ni zile ndogo. Sifongo wa maji baridi, hali ikiwa mbaya, hutengeneza jemuli: tufe dogo la seli lenye ganda gumu linaloweza kustahimili kukauka hadi maji yarudi. Ganda hilo hupangwa sindano zake za pekee. Kwa jenasi ya Ephydatia zinafanana na magurudumu mawili yenye meno yaliyounganishwa na ekseli fupi. Ukishaiona mara moja huisahau. Kwa Eunapius ni vijiti vifupi vyenye miiba. Corvospongilla wana vijisindano vingine vidogo ndani ya mwili, vyenye vikulabu kila upande. Vitu hivi ni vidogo, vingi chini ya maikromita 100, na ukichuja tope kwa chujio la maikromita 63 utavimwaga karibu vyote. Hata sindano kubwa, kwa kuwa ni nyembamba, hupenya kwa kichwa. Usichuje, na kama tayari umechuja, rudia.

Sindano za jemuli zikiwa nyingi kulinganisha na za mwili, hiyo inadokeza mahali palipokuwa pakikauka na kujaa mara kwa mara. Nasema inadokeza. Wabrazili wamefika mbali katika hili; wana mabwawa ya msimu ambamo sindano zimelimbikizana hadi zikachimbwa viwandani, na wanajua jamii ya aina tano hivi inayoambatana na mabwawa hayo. Usichukue jedwali lao ukalibandika Naivasha. Aina zetu si zile, na tabia zake kwetu hazijapimwa kwa kiwango hicho.

Nikitazama ulichonacho, una njia tatu. Ya kwanza ni kuacha sifongo na kubaki na diatomu, jambo ambalo msimamizi wako atalipenda. Lakini tabaka lako muhimu kuliko yote halina diatomu, kwa hiyo utakuwa umenyamaza mahali ulipotakiwa kusema. Ya pili ni kutambua aina kwa hadubini ya elektroni. Ni nzuri, ila inahitaji muda, pesa na mkusanyiko wa sifongo hai wa kulinganisha, na nadhani ni kazi ya uzamivu. Ya tatu ndiyo ningeichagua: hesabu sindano kwa makundi machache, yaani kubwa laini, kubwa zenye miiba, na ndogo zote, kwenye sampuli zile zile za diatomu, pamoja na daraja la kuyeyuka na la kuvunjika. Kwa vipande, hesabu ncha kisha gawanya kwa mbili. Ongeza tufe ndogo za plastiki za idadi inayojulikana, baada ya peroksaidi, ili upate idadi kwa gramu na usitegemee asilimia peke yake.

Kisha fanya kitu kimoja ambacho kitaipa kazi yako thamani kuliko yote niliyotaja: chukua tope la juu kabisa, sentimita moja tu, kwenye mstari kutoka ukingoni hadi katikati ya ghuba, ujue leo sindano zinatua wapi na kwa wingi gani. Kwangua na magome ya migunga iliyozama utafute sifongo hai. Nenda na mwenye mashua wa pale pale anayejua viboko wanalala wapi. Hilo si la kupunguzia bajeti. Hakikisha kibali chako cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinataja sampuli hizo mpya.

Utakaposoma matokeo, kumbuka kwamba sehemu ya juu ya bomba lako ina mkono wa binadamu. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliletwa Naivasha mwaka 1970, na kufikia miaka ya 1980 mimea ya chini ya maji ilikuwa imepungua vibaya. Mimea ile ilikuwa makao ya sifongo. Sindano zikipungua kwenye sentimita za juu, usikimbilie mvua.

Kuhusu ukame wenyewe, huanzi gizani. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha historia ya miaka 1,100 ya ziwa hili kutokana na mashapo ya kreta ya Crescent Island, wakitumia diatomu, mabaki ya visubi na hali ya tope lenyewe. Walipata enzi kavu kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, kisha vipindi vya ukame vya takriban 1390–1420, 1560–1625 na 1760–1840, vinavyolingana na masimulizi ya njaa na uhamaji. Walichagua kreta kwa kuwa ni pa kina na maji yalibaki humo ziwa kuu lilipojikunja. Ghuba yako huenda ilikauka kabisa. Kagua kama tope la sentimita 38 hadi 44 ni gumu kuliko la juu na la chini yake, lina maji kidogo, nyufa zilizojazwa au mizizi. Ukikuta hayo, sentimita hizo sita zinaweza kuwa zimebana miaka mingi au zimepoteza miaka mingine, na umri utakaousoma katikati yake hautakuwa na maana.

Kwa hiyo, je, uandike "ukame"? Kwa ushahidi ulionao leo, hapana. Andika kwamba kuna tabaka lenye sindano nyingi za sifongo na diatomu chache, utaje maelezo yanayoshindana, useme ni vipimo vipi vitakavyoyatenganisha. Mtahini mzuri atakuheshimu kwa hilo kuliko kwa neno ukame lenye mguu mmoja.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Kama mfereji wa kati huuoni kwenye sindano nyingi, au umekuta umbo usiloweza kulipanga, peleka slaidi kwa mtu azione. Idara ya chavua na mimea ya kale ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hapo Museum Hill, ni mahali pazuri pa kuanzia. Beba slaidi pamoja na chupa ndogo ya masalio, siyo picha za simu. Msimamizi wako pia mwite mezani siku hiyo, aangalie mwenyewe kwa lenzi ya mara 40. Na tope lililobaki la sentimita 36 hadi 46 usiliandae lote: gawa mara mbili, nusu ifungwe vizuri na ikae kwenye friji ya maabara ikiwa na lebo, kwa sababu karibu kila hatua niliyoitaja itakurudisha hapo.